Taifa la Mafaili Matatu

Sogeeni karibu, na aliye mbali aje na mkeka wake. Asiyetaka kukaa asimame, ila naomba asipige miayo, na sababu yake mtaijua mbele ya safari. Nataka kuwapa habari za nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu siku ilipofunguliwa. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wa Kwa Mchele. Ni raia mtiifu. Nina kofia ya chama na huivaa hata msibani. Kwa hiyo mkisikia katika maneno yangu kitu kinachofanana na malalamiko, basi mjue ni masikio yenu, mkayasafishe.

Mambo yalianza siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu Mlezi, kiongozi wetu. Watoto wa shule moja walimtungia utenzi wa kumsifu, wakarekodiwa video wakiuimba, na mwalimu wao akautuma Ikulu kwa mtandao. Sasa, Mtukufu Mlezi ana kompyuta yake, aliyopewa zawadi na nchi rafiki enzi hizo nchi hiyo ilipokuwa bado nchi. Ni kompyuta ya heshima, nzito, na ikiwashwa Ikulu huzima majokofu na pasi. Kompyuta hiyo inafungua maandishi matupu tu, tena ya aina moja, ya programu ambayo kampuni iliyoitengeneza ilishakufa na matanga yake yakaisha. Picha haizijui. Sauti haizijui. Mtukufu alipobonyeza utenzi wake, kompyuta ikamjibu: "Faili hili silitambui."

Haya, jamani, fikirieni wenyewe. Mtu mzima, Mlezi wa Taifa, mbele ya wageni walioshika glasi, anaambiwa na mashine kwamba sifa zake hazitambuliki! Wasaidizi wakatazama dari. Injinia mmoja aliyesomea mambo hayo akasema, "Mtukufu, tatizo ni dogo tu. Kompyuta imezeeka. Zipo programu za bure, tukiweka moja hapa, sasa hivi tu..." Hakumaliza. Siku hizi ni balozi wetu katika nchi ambayo bado haijaonekana kwenye ramani, na sote tunamtakia kazi njema.

Kesho yake likatoka tamko. Kompyuta ya Mtukufu Mlezi haina kosa, wenye kosa ni mafaili. Kwa hiyo kila faili nchini, liwe cheti, picha, wimbo, ramani au hesabu za mahindi, ligeuzwe liwe katika muundo unaofunguka Ikulu. Muundo huo utaitwa Muundo wa Taifa, na jina la kila faili litaishia kwa nukta na neno "mlezi". Faili lisilo na nukta-mlezi halitambuliki kisheria, na jambo lililomo ndani yake halijatokea.

Tulifurahi sana. Tulikuwa hatuna muundo, sasa tunao.

*

Ikaundwa Wizara ya Miundo, na Waziri wake akawa Mheshimiwa Dakta Matari Kwembe, mtu mwenye sauti ya kipaza sauti hata akiwa hana kipaza sauti. Kulikuwa na fungu la kununulia programu ya kugeuzia mafaili, lakini fungu hilo lilimalizikia kwenye sherehe ya kulizindua. Waziri hakubabaika. Akasimama jukwaani, akavuta koti.

"Ndugu wananchi! Kwa nini tununue, wakati dunia imejaa vya bure? Nani kati yenu ananunua hewa?"

"Hakunaaa!" tukajibu.

"Basi tutatumia zana ya bure!"

Zana yenyewe ilikuwa kwenye mtandao, tovuti ya watu wa mbali ambao hatuwajui wala hawatujui. Unapakia faili lako, unachagua unataka ligeuke nini, unangoja kiduara kizunguke, unapakua faili jipya. Tovuti ilikuwa na matangazo ya dawa za kukuza nywele pembeni, lakini ilikuwa ya bure kweli, na orodha yake ndefu ya miundo ilikuwa na ule wa zamani wa Ikulu, mwishoni kabisa, chini ya miundo mingine iliyokufa. Masharti yake yalikuwa ya haki: kila mtu mafaili matatu kwa siku. Ukitaka la nne, ulipe.

Mafaili matatu kwa kila mtu si haba. Hata mimi sina mafaili matatu. Lakini kuna jambo ambalo wale wa mbali hawakulijua. Kwa ajili ya usalama wetu, mtandao wa nchi nzima hupitia mlango mmoja, ulio chini ya ngazi za Wizara ya Usalama, ili kila kinachoingia na kutoka kionwe na afande aliyeketi pale na birika lake la chai. Sasa wenye tovuti wakitazama upande wetu, hawaoni mamilioni ya watu. Wanaona mlango mmoja tu. Kwa hesabu zao, huku kwetu anaishi mtu mmoja. Wakampa mtu huyo mafaili yake matatu.

Asubuhi ya kwanza, hata uji haujapoa, likatokea tangazo kwenye kila kioo cha kompyuta na simu nchini: "Ndugu mtumiaji, umemaliza mafaili yako ya bure ya leo. Karibu tena kesho."

Mnadhani Waziri aliona haya? Thubutu! Aliitisha mkutano mwingine.

"Ndugu wananchi! Tangu uhuru tumehubiri umoja. Wenye chuki walisema tuna makabila, tuna mikoa, tuna matabaka. Leo dunia nzima, bila kuombwa wala kuhongwa, imetutambua kwamba sisi ni mtu mmoja!"

Uwanja ulilipuka. Mimi nilipiga hadi vigelegele, ingawa si kazi ya mwanamume.

*

Ikabidi mafaili matatu yagawanywe kwa haki. La kwanza kila siku likawa la hotuba ya Mtukufu Mlezi. La pili likawa la pongezi kwa hotuba hiyo. La tatu likaachiwa wananchi wote, na kwa kuwa wananchi ni watu wa fujo, ikaundwa Bodi ya Taifa ya Faili la Tatu, yenye jengo, magari, wimbo wake na chumba cha mapumziko. Bodi ile ina watumishi wengi kuliko hospitali ya mkoa, na wote wana kazi, maana faili moja kwa siku linataka kusimamiwa.

Msiniulize kama maisha yalibadilika. Yalinyooka. Waliooana wakawa hawajaoana, kwa sababu vyeti vyao havikuwa vimegeuzwa. Bwana mmoja wa mtaani kwangu alimwambia mkewe, "Kisheria sasa mimi na wewe ni marafiki tu," akatolewa nje kwa mwiko. Utabiri wa hali ya hewa ukawa unafika mvua ikishakauka. Ramani ya wilaya moja ilipogeuzwa kuwa maandishi matupu mto ulipotea, na serikali ikatangaza kwamba daraja ambalo watu walililia miaka yote halihitajiki tena. Watu wanaovuka pale bado wanalowa, lakini huo ni ukaidi wao.

Alikuwepo fundi mmoja wa kompyuta, Kessi, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi nyuma ya soko la kuku. Yeye alikuwa na programu ndani ya kompyuta yake, nayo ya bure, isiyotaka mtandao wala foleni. Ilikuwa inageuza kitu chochote kuwa chochote, mchana kutwa, bila kuchoka. Maofisa wa Wizara wakamfikia.

"Hii bure yako imesajiliwa?"

"Afande, kitu cha bure kinasajiliwa vipi?"

"Kumbe ni magendo!" Wakaipiga lakiri kompyuta. Sasa Kessi anauzia mayai pale pale, na kompyuta ndiyo meza.

*

Sasa nifike kwenye mwayo.

Jumamosi moja Mtukufu Mlezi alihutubia uwanjani, jua la mchana, kwa urefu unaostahili. Katikati ya hotuba, mtu mmoja kwenye umati akapiga mwayo. Mpiga picha wa serikali akamnasa, mdomo wote uko nje, kimeo kinaonekana. Kupiga mwayo mbele ya Mtukufu ni kosa, na adhabu yake ni miaka saba kwenye machimbo ya chumvi ya Kavumbi. Waliorudi kutoka Kavumbi ni wachache, na walio wengi kati yao huongozwa kwa mkono, kwa sababu mng'ao wa chumvi huyala macho.

Picha ile ilikuwa ushahidi safi. Tatizo ni kwamba ilipogeuzwa kuwa nukta-mlezi, picha yenyewe iliondoka, yakabaki maneno ambayo mpiga picha aliyaandika chini yake: "Kijana, mdomo wazi." Polisi wakaingia kazini na maneno hayo matatu. Wakakamata waimbaji. Wakamkamata mnadi wa mnada wa ng'ombe. Wakamkamata kijana mmoja akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, na daktari wakamwachia jino. Na Jumanne wakaja mtaani kwangu, nyumba ya nne, wakamchukua Mbaruku, mpiga tarumbeta.

Mbaruku ni mtoto wa pekee wa Siwema, fundi wa kushona, mwanamke ambaye amenishonea kofia hii niliyovaa. Jioni ile alikuja kwangu bila kitenge begani, simu mkononi.

"Mjumbe, tazama," akasema. "Tazama mwenyewe, usiambiwe na mtu."

Nikatazama. Ilikuwa video ya harusi ya binamu yake, huko Lumbesa, mwendo wa siku nzima kutoka uwanjani. Mbaruku yumo katikati, shati la njano, mashavu yametuna, anapuliza tarumbeta, watu wanamtunza noti kipajini. Na nyuma yake, ukutani, runinga inaonyesha hotuba ya Mtukufu Mlezi, moja kwa moja kutoka uwanjani, Jumamosi ile ile, saa ile ile.

"Haya niambie wewe mtu mzima," Siwema akasema. "Mtu aliyetia tarumbeta mdomoni anapigaje miayo?"

Nilifikiri sana. "Mama Mbaruku," nikamwambia, "kama jirani nakuona una haki. Kama mjumbe, video hii haina nukta-mlezi. Harusi hii haijatokea."

Halafu akakaa chini, sakafuni, miguu imenyooka. "Kesi ni Ijumaa," akasema. "Mtoto wangu ana macho mazuri, mjumbe. Hata sindano akiidondosha mtu, yeye ndiye anaiona."

Nikamwambia twende Bodi. Serikali yetu ina masikio.

*

Tulifika alfajiri, tukakuta watu wamelala pale tangu juzi na vyungu vyao. Karani wa mlangoni akatueleza kwamba ombi la kugeuziwa faili hupokelewa likiwa katika muundo wa nukta-mlezi.

"Sasa si ndiyo tunakuja kugeuziwa?" Siwema akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ombi nalo ligeuzwe kwanza?"

"Ndiyo, mama. Mbona unaelewa vizuri tu?"

Bahati nzuri Katibu wa Bodi ni mtu wa huruma. Alikwishaona kwamba kwa utaratibu ule faili la tatu lilikuwa linaharibika kila siku bila mtu kulitumia, akaruhusu maombi ya mdomo. Kila asubuhi wanakaa wajumbe wa Bodi kwenye meza ndefu, wananchi wanapita mmoja mmoja kueleza shida zao, na Bodi inapima. Aliye na shida kubwa kuliko wote anapewa faili. Ni utaratibu wa kidemokrasia, maana kila mtu ana haki ya kulia.

Alipita mzee aliyeambiwa hajazaliwa. Walipita walimu ambao wanafunzi wao walifanya mtihani, wakakua, wakaoa, na matokeo bado. Siwema alipoitwa, alijaribu kueleza kwa mpango, tarumbeta, runinga, Lumbesa, mpaka akafika kwenye chumvi, na hapo maneno yakamwisha. Akabaki anafungua mdomo na kuufunga. Mjumbe mmoja wa Bodi akamwonya asije akaonekana anapiga mwayo.

Alhamisi ikaja, siku ya mwisho, na Bodi ikampa faili mama mwingine, Bi Mwanamvua, ambaye mumewe alikuwa mochwari akingoja cheti cha kifo kigeuzwe ndipo atambulike kuwa amekufa. Siwema akakaa kwenye ngazi. Hakulia hata. Bi Mwanamvua akashuka, akamkuta pale, akamuuliza, "Wewe ulikuwa unaomba la nini, mwenzangu?" Akaelezwa. Akarudi ndani na mimi nikamfuata.

"Nimempa yule dada faili langu," akamwambia Katibu. "Wangu ameshakufa, baba. Hata akingoja haumwi. Wa kwake bado anaona."

Nililia. Sisemi uongo, nililia mbele za watu na kofia ya chama ikiwa kichwani, na kama kuna kanuni inayokataza, nitaijibu.

*

Ugeuzaji wa faili la tatu ni shughuli ya kitaifa. Waziri Kwembe mwenyewe alikuja, bendi ikapiga, kamera zikawashwa. Video ya Siwema ikapakiwa. Tovuti ikauliza: "Thibitisha kwamba wewe si roboti. Chagua picha zote zenye taa za kuongozea magari."

Nchini kwetu taa hizo zimo kwenye mpango wa miaka mitano, mpango wa tatu sasa. Mjumbe mmoja wa Bodi akasema anazijua, aliwahi kuziona safarini. Mwingine akauliza, je, nguzo nayo ni taa? Wakabishana. Wa upande wa nguzo wakasema taa bila nguzo huanguka. Wa upande wa taa wakasema nguzo haiwaki. Wakapiga kura, nguzo zikashinda, tovuti ikakataa. Ikaleta pikipiki. Wakapiga kura tena. Siwema alikuwa amesimama nyuma ya viti vyao, ameshika mikono yake mwenyewe, na alikuwa anaona majibu yote, lakini hakuwa mjumbe.

Hatimaye tovuti ikaridhika. Waziri akanyanyuka. "Ndugu wananchi, imethibitishwa kimataifa kwamba taifa letu si roboti!" Bendi ikapiga.

Halafu tovuti ikasema faili ni kubwa mno kwa mtu wa bure, lipunguzwe.

"Kateni mwanzo, kateni pilau, kateni hata bibi harusi," Siwema akasihi. "Mniachie pale pa tarumbeta na runinga."

"Mama, kwenye harusi hii diwani alitoa nasaha," Katibu akasema. "Mgeni rasmi hakatwi. Itifaki." Wakamwacha diwani mzima, na wa tarumbeta wakamwachia pumzi mbili tatu.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Nilimshika Siwema kiwiko. Tovuti ikaandika: "Imefanikiwa!" Tukakumbatiana. Mashine ya kuchapa ikaanza kutema karatasi, na Katibu akamkabidhi faili lake kwa mikono miwili, katika Muundo wa Taifa, muundo usiojua picha wala sauti. Kurasa zote zilikuwa na vijimraba. Vijimraba, alama za kuuliza, herufi zisizo na kichwa wala miguu, tena vijimraba.

Siwema akageuza ukurasa, akageuza mwingine. "Mwanangu yuko wapi humu?"

Katibu akainama kwa upole, akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Yumo, mama. Yumo humu humu. Ni suala la kusoma tu."

*

Ijumaa, mbele ya Hakimu Shebe. Mbaruku alikuwa kizimbani, amekonda, shati la njano lile lile. Hakimu akavaa miwani, akapokea ushahidi wa utetezi, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata sheria, akausoma wote kwa sauti.

"Mraba. Mraba. Mraba. Alama ya kuuliza. Mraba. Alama ya asilimia. Mraba, mraba..."

Alisoma mpaka karani akaleta maji. Hakuna aliyecheka. Mwendesha mashtaka alikuwa anaandika. Alipopewa nafasi akasema, "Mheshimiwa Hakimu, nimesikiliza kwa makini. Nimesikia alama za kuuliza nyingi mno. Mtu asiye na hatia, maswali yote haya ya nini?"

Na mwisho wa kurasa, tovuti ilikuwa imejiandikia yenyewe: "Limegeuzwa bure. Lipia upate matokeo bora." Hakimu akasoma na hilo, akavua miwani. "Ushahidi wenyewe unakiri kwamba si bora," akasema.

Hapo Siwema akasimama. Nilimvuta gauni akaninyang'anya. Akainua simu juu ya kichwa, akabonyeza.

Tarumbeta likalia. Ndugu zangu, mtoto yule anajua kupuliza. Lilijaa chumba chote, likapanda mpaka kwenye mapangaboi. Mzee mmoja nyuma alianza kutikisa bega. Mguu wa karani ulikuwa unagonga sakafu, na kidole cha Hakimu Shebe, nilikiona kwa macho yangu haya, kilikuwa kinafuata mdundo juu ya meza. Na katikati ya tarumbeta, kwa mbali, ikasikika sauti ya Mtukufu Mlezi kwenye runinga akisema Jumamosi ile kwamba katika nchi hii hakuna atakayeonewa.

"Mama, zima," Mbaruku akasema kutoka kizimbani. "Zima, watakunyang'anya simu."

Akazima. Hakimu akatazama kidole chake, akakikunja.

"Mahakama," akasema, "haijasikia kitu." Akampa miaka saba, Kavumbi.

*

Sasa mtasema hapo ndipo mwisho. Laiti ingekuwa hivyo.

Hukumu ile karani aliichapa kwenye kompyuta ya mahakama, na kompyuta ya mahakama nayo haina nukta-mlezi. Kwa hiyo hukumu haijatokea. Na kwa kuwa haijatokea, Mbaruku hajafungwa. Na kwa kuwa hajaachiwa pia, amewekwa mahabusu ya kungojea, chumba ambacho watu hulala kwa zamu wamesimama, na muda wa mle ndani hauhesabiwi popote. Miaka saba haijaanza. Akikaa mwaka, bado ni saba. Akikaa kumi, bado ni saba.

Siwema alimtafuta wakili. Wakili akamwambia, "Tungeweza kukata rufaa, mama, tena tungeshinda. Lakini rufaa hukatwa dhidi ya hukumu, na hukumu haipo. Kaigeuze kwanza."

Basi ndiyo hivyo. Siwema amehamishia cherehani yake kwenye baraza la jengo la Bodi, anashonea watu wa foleni nguo zao zilizochanika kwa kungoja. Kila asubuhi anaingia kwa wajumbe na kusimama mbele ya meza ndefu. Siku hizi maneno hayamwishi tena. Anawaeleza kwa mpango, kwa sauti nzuri, kwa nini mwanawe anastahili kufungwa kabla ya watoto wa wenzake. Anasema mwanawe ana nguvu, chumvi atachimba vizuri. Anasema ni mtiifu, hatawasumbua. Akina mama wengine nao wanasimama, kila mmoja anamsifia wake, na Bodi inapima. Katibu amemwambia asivunjike moyo, ila shida yake si ya dharura. "Mwanao yuko ndani tayari, mama. Kuna wenzako ambao watoto wao wako nje wanahangaika."

Juzi nilimpelekea uji. Alikuwa ameinamia cherehani, anatia uzi, na uzi haukuingia, akalamba tena, haukuingia. Nikamtilia mimi. Akanishukuru.

"Mjumbe," akasema, "wewe ni mtu wa kusali. Niombee wamfunge mwanangu."

Nikavua kofia nikaanza kuomba, na foleni yote ikaitikia amina.